Mpishi wa Mpira

Sikuingia kwenye mambo ya midoli kwa kuipenda. Niliingia kwa kumtafuta mwizi. Nasema hivi mapema ili anayesoma kwa kutaka kujifunza kazi hii ajue anafundishwa na mtu wa namna gani.

Mke wangu alikuwa akiuza mitumba minadani. Alianza miaka ile nguo za nje ziliporuhusiwa kuingia kwa wingi na watu wakaacha kuvaa viraka juu ya viraka, akaendelea mpaka mkoa wetu ulipokatwa kutoka Arusha ukaitwa Manyara. Ndani ya mabelo ya nguo za watoto alikuta mdoli mara mojamoja. Si ile mikubwa inayofumba macho ukiilaza. Ilikuwa midogo, ya mpira laini, mitupu ndani, inayobonyea ukiibana kisha inarudi. Kiboko wa bluu. Askari wa zimamoto. Sungura mwenye miwani. Wauzaji wenzake waliwatupia watoto waliokuwa wakipita. Yeye aliileta nyumbani Tumati, akaiosha, akaipanga kwenye ubao juu ya redio.

Baadaye aligundua kwamba wako wengine kama yeye, Katesh, Masakta, hata Singida, na kwamba siku ya mnada wa Katesh hukutana kwenye kivuli cha lori wakabadilishana. Nilimwuliza faida yake ni nini.

"Kila kitu changu nauza," akasema. "Hii siuzi."

Sikumwelewa, na sikumwuliza tena. Mimi ni mtu wa vitunguu swaumu na ng'ombe wachache. Shule niliishia darasa la saba. Midoli ile niliiona kila siku kama mtu anavyoona mlango wa nyumba yake.

Alipofariki nyumba ilijaa watu. Walipopungua, binti yetu alisimama mbele ya ubao. Alikuwa amepewa ruhusa kutoka shule ya bweni na kesho yake alitakiwa kurudi.

"Baba, mpishi yuko wapi?"

Mpishi alikuwa mwanamume mfupi mwenye kofia ndefu nyeupe na aproni, na kijiko alichokikumbatia kifuani. Ndiye mdoli wa kwanza mama yake kumtoa kwenye belo. Nikasema labda ameanguka. Tukatafuta chini ya kitanda, nyuma ya magunia ya mahindi, mpaka kwenye majivu. Hakuwapo. Binti yangu hakulia. Alifunga sanduku lake la shule polepole sana.

"Nilitaka kwenda naye," akasema. "Hiyo mingine sitaki. Mtafute, baba, nikifunga shule nimkute."

"Nitampata," nikamwambia.

Sijapata kumwahidi mtoto wangu kitu nikakiacha njiani. Yeye anajua hivyo, na ndiyo sababu aliondoka ametulia. Mimi nilibaki na nyumba, na nikaanza kuwapitia wote walioingia humo.

Ukikaa peke yako na swali la namna hiyo, kila mtu anafaa kuwa mwizi. Nilimfikiria mdogo wake marehemu, kwa sababu ndiye aliyefagia chumba, na nikakumbuka kwamba alifagia mlango umefungwa. Niliwafikiria waimbaji wa kwaya. Niliwafikiria hata watu waliobeba jeneza, ingawa mikono yao yote ilikuwa na kazi. Mwisho nikatulia kwa mtu mmoja, fundi redio wa Masakta. Alikuwa amekuja kuzika kwa usafiri wa shida, akaketi karibu na redio yetu, kisha akasimama mbele ya ule ubao muda mrefu kuliko mtu anayeangalia tu. Aliondoka bila kula. Mtu atoke Masakta mpaka Tumati aondoke bila kula?

Mnada wa kwanza baada ya msiba sikwenda. Mfiwa kwetu haendi kukaa sokoni wakati watu bado wanakuja kumpa pole. Mnada uliofuata niliifunga midoli yote kwenye kanga ya marehemu, nikaitia kwenye mfuko wa salfeti, ule wa mbolea, nikapanda lori la mahindi. Nia yangu ilikuwa moja. Niwe mmoja wao, nikae nao, nione mpishi atatoka kwenye mfuko wa nani.

Mnada wa Katesh ulikuwa kama ulivyo siku zote, vumbi na upepo wa mlimani. Ng'ombe upande mmoja na wafugaji wa mbugani wakiwazunguka na mashuka yao, nyama choma katikati, mitumba upande wa pili juu ya maturubai. Wa midoli walikuwa nyuma ya mitumba, chini ya ubavu wa lori lililoshusha chumvi. Kila mmoja alikuwa na kitambaa mbele yake. Wengi wao walikuwa wauzaji wa mitumba walioacha biashara kwa jirani kwa muda. Fundi redio alikuwapo, na kofia yake ya sufu.

Aliniona, akaona na kichwa changu kilivyonyolewa kwa msiba, akasimama.

"Shemeji! Pole tena. Karibu, kaa hapa kwangu."

Hiyo shemeji ilinichoma. Marehemu alikuwa dada yake tangu lini? Lakini nilikuwa nimemfuata yeye, kwa hiyo nikakaa, salfeti katikati ya miguu yangu, mkanda wake nimeuzungusha kifundoni.

"Umekuja kuuza au kubadilisha?"

"Kujifunza."

"Basi legeza huo mkanda kwanza. Watu wakiona umeshika hivyo watajua una kitu kizuri, au watajua hujui ulicho nacho. Yote mawili ni mabaya."

Nikaulegeza kidogo. Nikaweka mguu juu yake.

Na hivi ndivyo nilivyofundishwa kazi, na mtu niliyemwona mwizi. Alinifundisha vizuri, na kila alivyonifundisha vizuri nilizidi kumshuku, maana nani angejua mbinu zote hizi kama si mwenye mbinu?

Alisema usiutazame mdoli usoni. Uso ndio wadanganyifu wanaoutengeneza. Ugeuze uone unyayo. Mle kuna maandishi madogo yaliyobonyezwa kiwandani, na yakiwa yamefutika kwa kusuguliwa, jiulize nani alisugua na kwa nini. Kisha ufuate mshono ubavuni kwa ukucha. Ukucha ukiteleza mahali, pana gundi. Kisha ubane taratibu karibu na sikio. Mdoli mzima hupumua kwa tundu la unyayoni tu. Ukisikia pumzi kwenye kwapa, umepasuka. Rangi ya kiwandani imelala, haina makuu. Ukiona mashavu yanang'aa, hiyo ni rangi ya kucha, na mwenye nayo yuko hapahapa na kucha zake.

"Kama nani?" nikauliza.

Alikuna sikio kuelekea kwa mama mmoja wa Singida aliyekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akila karanga. Kucha zake zilikuwa nyekundu.

"Na hapa hakuna kupokezana mkononi," akaendelea. "Unaweka chini, mwenzako anaokota. Ukimpa mkononi ukaanguka, mtagombana mpaka jioni ni nani aliyeuangusha. Weka kwanza mibovu yako. Mizuri ibaki mfukoni mpaka uone mtu amekaa vizuri. Na usitaje unachokitaka. Ukikitaja tu, kimepanda bei. Hata kukitazama usikitazame. Wewe macho yako yanasema sana, shemeji. Ungevaa kofia."

Nikatandika kanga. Nikaanza na mibovu kama alivyosema, lakini sikuijua mibovu, kwa hiyo niliweka yule niliyemwona wa kawaida zaidi, mwanamke mwenye mwavuli. Fundi redio alimfunika kwa kofia yake kabla mtu hajageuka.

"Mrudishe," akasema akibana meno. "Mrudishe haraka. Huyo ana mwavuli wake mwenyewe. Huoni? Watoto huing'oa miavuli, wakaipoteza siku hiyohiyo. Wanawake wenye mikono mitupu wako kila mnada. Mwenye mwavuli wake nimemwona kwa mkeo tu. Huyo ndiye gari, hao wengine abiria."

Nilimrudisha. Nikafikiri, kwa hiyo huyu ndiye anayemtaka. Amemfunika wengine wasimwone. Nikamtia chini kabisa ya mfuko.

Watu walipita, wakaokota, wakabana, wakanusa, wakarudisha. Mama wa Singida alimwinua kiboko wangu.

"Mwanafunzi wako huyu?" akamwuliza fundi redio. "Mbona anatutazama mikono kama tunaiba mayai?"

"Mfiwa huyo, mama. Mume wa yule wa Tumati."

"Aa, pole baba. Pole sana." Akaacha kutafuna. "Marehemu alikuwa mgumu yule. Nilimbembeleza sana mambo mawili matatu, hakutoa hata moja. Sasa wewe je, ni mgumu au laini kama hii mipira?"

"Mimi sijui bado," nikasema.

Walicheka, na mimi sikuona cha kuchekesha. Kisha mama akafungua mfuko wake wa pili na kuanza kupanga midoli mingine. Wa tatu au wa nne kuwekwa alikuwa mpishi.

Nilimjua. Sikuwa na shaka, ingawa baadaye shaka ililetwa. Nikasahau yote niliyofundishwa tangu asubuhi.

"Huyu umemtoa wapi?"

Fundi redio alikohoa. Mama wa Singida alinitazama, akamtazama mpishi, akanitazama tena. Mpishi alikuwa ameshapanda.

"Ametoka kwa mama yake," akasema, na kivuli chote kikacheka.

"Nauliza kweli, mama."

"Kwani wewe polisi? Mbona unauliza kwa sauti ya kituoni?" Kisha akaona uso wangu akapunguza. "Bibi mmoja alikuja naye mnada uliopita. Alitaka sweta ya mjukuu. Nikampa sweta, akanipa huyu, na asante juu. Halali kabisa. Bibi mwenyewe alikuwa amevaa koti la kijani, la kiume, lina kofia nyuma, kola imetiwa kiraka cha bluu. Nikamwambia nipe na koti nikupe sweta mbili. Akakataa. Akasema hili nilipewa kwa heshima."



Koti lile lilikuwa la mke wangu. Kiraka cha bluu alikitia mwenyewe, nami nikimshikia taa. Na bibi yule ndiye aliyemwosha.

Kwetu anayeosha mwili hupewa vazi ambalo marehemu alilivaa sana. Mfiwa mwenyewe ndiye hulitoa msumarini na kumkabidhi, na hulitoa kama lilivyo. Halikung'utwi, halikunjwi, mifuko haipekuliwi. Ukipekua umesema kwamba unamwonea choyo mtu aliyefanya kazi ambayo wewe hukuweza kuifanya. Kwa hiyo nililitoa koti msumarini nikampa bibi kwa mikono miwili, naye akalipokea kwa mikono miwili, na mpishi alikuwa mfukoni. Bibi alipomkuta, kilichokuwa mfukoni kilikuwa chake. Kukirudisha kungekuwa kama kulirudisha koti.

Mwizi niliyemtafuta hakuwapo. Aliyemtoa mpishi nyumbani ni mimi.

Fundi redio alinivuta nyuma ya tairi la lori.

"Ni yule?" akaniuliza.

"Ni yule."

"Nilijua. Siku ya mazishi nilisimama pale kwenye ubao nikaona hayupo. Marehemu alikuwa anakuja naye kila mnada, ndani ya koti. Hakumbadilisha na mtu. Alikuwa anamweka tu kwenye kona ya kitambaa, anasema huyu ni mlinzi. Nikafikiri labda mmemzika naye. Siyo jambo la kuuliza msibani." Akavua kofia, akavaa tena. "Nilishindwa hata kula."

Nikamtazama. Maneno yake yalikaa sawa kila upande, na bado nilijikuta natafuta mshono.

"Sikiliza," akasema. "Sema ameibwa. Mgambo yule pale, namfahamu. Huyu mama hataki fujo mnadani, atamtoa sasa hivi."

"Hakuibwa. Nilimtoa mimi."

"Nani anajua hivyo?"

"Mimi."

Alinitazama kama redio iliyomshinda. Tukarudi kivulini, ambacho kwa wakati huo kilikuwa kimesogea, na watu wote walikuwa wamesogea nacho pamoja na vitambaa vyao.

Nilikaa mbele ya mama wa Singida nikamweleza mambo yalivyokuwa. Mke wangu, koti, binti yangu, ahadi. Fundi redio alikuwa ameniambia nisitaje ninachokitaka, nami nilitaja mpaka sababu. Mama alisikiliza huku anamenya karanga.

"Baba, nisamehe," akasema. "Lakini hapa kila mnada mtu ana marehemu. Mwaka jana kuna mtu alimlilia mjomba wake mbele yangu nikampa askari wa farasi. Nageuka hivi, mjomba yule pale, anakunywa supu."

Wakacheka tena. Mmoja akasema, "Na supu alilipiwa na wewe!"

"Kama ni wa kwako," mama akaendelea, "ana alama gani chini ya mguu?"

Sikujua. Nimeishi na mpishi yule juu ya redio miaka mingi, na sikuwahi kumgeuza. Ningeweza kubahatisha. Alama ziko chache na fundi redio alikuwa nyuma ya mama akinionyesha jibu kwa vidole.

"Sijui," nikasema.

"Ehe."

"Mama, mimi namjua huyu mdoli," fundi redio akaingilia. "Marehemu alikuwa anakuja naye hapahapa."

"Wewe nyamaza. Nyie mmekuja wawili, mmeenda nyuma ya tairi wawili, mmerudi wawili. Unadhani sikuwaona?" Kisha akanigeukia, na sasa alisema kwa upole wa kweli. "Tufanye hivi. Huyo bibi yuko kwenu?"

"Yuko."

"Mlete mnada ujao. Aje aseme mwenyewe, koti hili nilipewa na baba huyu na mpishi alikuwa ndani. Akisema hivyo nakupa bure. Na soda nawanunulia wote wawili."

Watu waliona ni haki. Hata fundi redio alipiga magoti yake kwa furaha. "Umeona sasa? Imekwisha!"

Mimi nikamfikiria bibi. Nikajiona naingia kwake na shikamoo yangu, ananitolea kigoda, kisha namwomba aje mbele ya watu asioijua lugha yao vizuri, ahojiwe alichokuta mfukoni na alichokifanyia. Angekuja. Ni mtu wa namna hiyo. Angekuja amevaa lile koti, na njia nzima angejua kwamba nimeanza kuhesabu ujira wa kumwosha mke wangu. Na baada ya hapo nani Tumati angepokea vazi kutoka mkononi mwangu?

"Bibi simleti," nikasema.

Mama wa Singida akapiga makofi mara moja.

"Si nilisema! Nilijua hakuna bibi!"

"Bibi yupo."

"Yupo kama mjomba wa supu!"

Walicheka mpaka muuza chumvi akachungulia kutoka juu ya lori. Fundi redio hakucheka. Alikuwa amenigeuzia mgongo, anapanga midoli yake ambayo ilikuwa imeshapangwa. Nadhani hata yeye wakati huo alianza kujiuliza.

Niliona kwamba hakuna neno langu ambalo lingefaa tena pale. Nilikuwa nimesema kweli yote na kweli ilikuwa imeniharibia. Shule zilikuwa karibu kufungwa na mnada mwingine ungekuwa mbali. Kilichobaki ni kufanya kama wanavyofanya wenyewe. Nikaingiza mkono chini kabisa ya mfuko, nikamtoa mwanamke mwenye mwavuli, nikamweka chini, si mkononi.

"Huyu kwa huyu," nikasema.

Fundi redio aligeuka. "Shemeji, hapana."

Nilidhani mama atamrukia. Hakumgusa. Alimtazama pale chini kama mtu anavyotazama nyoka aliyelala.

"Unanipa huyu kwa mpishi?"

"Ndiyo."

"Wapishi wako wengi. Mimi mwenyewe nimeshapata wapishi. Huyu hayupo. Mtu mwenye akili hamtoi huyu kwa mpishi." Akamwinua kwa vidole viwili. "Ana nini?"

"Hana kitu."

Alimgeuza, akasoma unyayo. Akapitisha ukucha ubavuni. Akambana sikioni, akasikiliza, akambana tena upande wa pili. Alivuta mwavuli kuona kama umetiwa gundi. Alimnusa. Alimkwaruza shavu na kuangalia kama rangi imebaki kwenye ukucha wake, ila kucha zake zilikuwa nyekundu tayari, kwa hiyo akamwomba jirani amkwaruze na yeye.

"Mzima," jirani akasema.

"Ndiyo maana naogopa," mama akasema.

Akampitisha kwa wote pale. Kila mmoja alimkagua na kila mmoja alisema mzima, na kadiri walivyosema mzima, ndivyo mama alivyozidi kunitazama. Nilipokuwa namwomba hakuniamini, na sasa ninapompa haniamini zaidi. Ilifika mahali nikaogopa kwamba atakataa, nirudi Tumati bila mpishi kwa sababu nilitoa kizuri mno.

"Mwambie kweli," akamwambia fundi redio. "Kuna nini?"

Fundi redio alishusha pumzi. "Mama, ameshakwambia kweli. Ameirudia mara ngapi? Huyu mtu hana kitu kingine ndani. Ukimbana anapumua mahali pamoja tu."

Mama akamtia mwanamke mwenye mwavuli ndani ya nguo yake, kifuani, si mfukoni. Akamwinua mpishi, akamweka kwenye kanga yangu.

"Hakuna kurudi mnada ujao kulia," akasema.

"Hakuna."

"Na sitaki kusikia nimemdhulumu mfiwa."

"Hujanidhulumu. Tumebadilishana."

Alinisogezea karanga. Nilichukua chache, nikala, maana kukataa kungeleta maswali mengine.

Tangu siku ile naenda Katesh mara kwa mara. Sasa wapo wanaoanza wanaokaa kwangu, nami nawafundisha unyayo, mshono, pumzi na rangi ya kucha, na nawaambia wasitaje wanachokitaka. Siwaambii kwamba mimi nilitaja. Mama wa Singida bado hajaniamini. Kila akiniona humtoa mwanamke wake kifuani na kumkagua upya, labda nilimwekea kitu kinachochelewa. Fundi redio huja kwangu Tumati akiwa na kazi huku juu, na tunakula pamoja. Nimempenda. Akiondoka, naangalia ubao kabla sijaondoa vyombo.

Shule zilipofungwa binti yangu alifika mchana, miguu imejaa vumbi. Alinisalimia, akaingia ndani moja kwa moja. Nilibaki nje nachambua vitunguu. Nilimsikia amesimama.

"Yupo!" akasema. Kisha, "Baba, mama mwenye mwavuli yuko wapi?"

"Nimemtoa."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu wa Singida, nikapewa mpishi."

Alitoka na mpishi mkononi. Alijua midoli kuliko mimi, alijifunza kwa mama yake. Alinitazama kwa huruma.

"Huyo kwa huyu? Baba, wamekupiga."

"Najua."

"Ulijua tangu palepale?"

"Tangu palepale."

Akakaa kwenye gogo, akaanza kuchambua vitunguu upande wake, mpishi amemweka mapajani. Baada ya muda akauliza alikuwa wapi siku zote hizo. Nikamwambia yote, koti, msumari, mikono miwili. Sikuficha kwamba nilimshuku mama yake mdogo, na kwaya, na fundi redio. Alisikiliza bila kunikatiza. Alikuwa amekua kuliko nilivyomwacha aende.

"Ungemwita bibi ungempata bure," akasema mwishoni.

"Ningempata bure."

Alichambua kitunguu kingine, akapuliza maganda.

"Bibi anajua kwamba tulikuwa tunamtafuta mpishi?"

"Hajui."

"Basi asijue," akasema, akasogeza beseni karibu yangu ili tufikie wote.